Jinsi ya Kumbunia Mtu Kifaa Bila Kumuuliza

Hongera, mhandisi mtarajiwa. Mwaka wa mwisho umefika, mradi unadaiwa, nawe umeamua kuwasaidia watu wenye ulemavu. Umechagua vizuri: majaji wa maonyesho huona aibu kumpa alama ndogo mtu mwenye huruma.

Anza na hiyo huruma, na uanze peke yako. Jifunge kitambaa machoni, tembea bwenini mpaka ujigonge kwenye chuma cha kitanda. Dakika tano zinatosha. Sasa unakujua kutoona kuliko mtu anayetoka Mbagala hadi Kariakoo kila siku na fimbo yake nyeupe. Yeye ana mazoea tu. Wewe una data.

Kisha chagua tatizo. Usihangaike na mtaro usio na mfuniko, mlango wa choo unaogota kwenye kiti mwendo, au konda anayedai nauli ya pili kwa ajili ya kiti. Hayo hayana betri. Tafuta kwanza teknolojia uipendayo, halafu mtafutie mwenye ulemavu wa kuivaa.

Kigezo chako kiwe glavu. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walishinda tuzo ya wanafunzi ya Lemelson-MIT, dola 10,000, kwa glavu zinazosoma mikono ya mtu anayetumia lugha ya alama na kutoa sauti ya Kiingereza. Sifa zikamiminika. Walioharibu sherehe ni walimu wa lugha hiyo na profesa wa isimu wa chuo hichohicho, walioandika barua ya wazi kupinga. Eti uso na kiwiliwili navyo ni sarufi! Ni kweli kwamba katika lugha ya alama ya Kimarekani nyusi zikipanda kauli inaweza kuwa swali, na glavu haina nyusi, lakini nani atakagua? Tazama pia mgawanyo wa kazi ulivyo mtamu: kiziwi ndiye avae mitambo na kutoka jasho, anayesikia asikilize spika mikono ikiwa mfukoni. Huyu akijibu, glavu haimfikishii kiziwi hata neno. Ungepita ofisi ya CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, pengine wangekwambia wanataka mkalimani hospitalini, na mkalimani haunganishwi kwa Bluetooth. Kwa hiyo usipite.

Jihadhari sana na mfano wa Amos Winter. Huyu alikuja Tanzania mwaka 2005, akiwa mwanafunzi wa MIT, kuangalia hali ya viti mwendo. Kiti alichokuja kubuni na wenzake kina nyenzo mbili za kusukuma: ukizishika juu unapata nguvu ya kupanda kilima na kupita mchangani, ukizishika chini unapata kasi kwenye lami. Gia ni mkono wa mwenye kiti. Mnyororo ni wa baiskeli, hata fundi wa chini ya mwembe anaujua. (Hili peke yake ni kosa: kikiharibika, nani atakumbuka kukupigia simu?) Lakini kosa kubwa ni kwamba walikipeleka kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, na wakawasikiliza. Wakaambiwa ni kizito, ni kipana, ndani ya nyumba hakifai. Mtu mwenye msimamo angewaeleza kwa upole kwamba nyumba zao ndizo finyu. Wao wakakipunguza uzito na upana, wakakijaribu tena Guatemala, kisha India. Miaka yote hiyo! Wewe ungekuwa umeshachukua tuzo tatu bila mtu yeyote kukalia kitu chochote.

Msimamizi wako akikulazimisha kuwashirikisha watumiaji, maana siku hizi wapo wa namna hiyo, waite wiki ya mwisho, wakati kilichobaki kuamuliwa ni rangi. Kikao kiwe ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti. Uliza, "Mmekipenda?" Usiulize kamwe, "Mngeondoa nini?" Na akitokea mama aliyezungushia vipande vya tyubu kwenye vishikio vya kiti chake, akabadili beringi kwa za baiskeli na kukata egemeo la miguu ili apite mlango wa jikoni kwake, usimwulize aliyabunije hayo. Akianza kueleza utagundua kuwa kundi lenu lina mhandisi mmoja zaidi, na wahandisi hulipwa.

Posho ni ya mratibu. Mama apewe soda na fulana yenye nembo ya mradi. Akiuliza jina lake limeandikwa wapi kwenye ripoti, mfungulie ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho, chini ya yule wa steshenari aliyewapigia chapa.