Jiko Halinunuliwi kwa Ngozi

Siku ya mnada wa ng'ombe pale Ogwedhi, Migori, hakuna Mjaluo, Mmaasai, Mkuria wala Mkisii anayenunua dume kwa sababu lina madoa ya kupendeza. Meno yatafunuliwa, pembe zitashikwa, mkia utainuliwa bila kuombwa radhi, na mnyama atatembezwa mpaka mwenye mali aulize kama mnunuzi anatafuta ng'ombe au mwalimu mkuu. Sasa mweke mtu huyohuyo mbele ya jiko kuukuu la gesi, lile zito la miguu minne, lililovikwa enameli ya rangi ya maziwa na kingo za kijani, uone hekima yote inavyomtoka. Anapapasa ubavu, anatamka kwamba siku hizi watu hawatengenezi vitu, kisha anatoa pesa. Mimi nashikilia kwamba majiko haya yanastahili kufufuliwa, ila yakaguliwe kwa sheria ya mnadani: kinywa kwanza, ngozi baadaye. Vioja vingi vya jikoni tunavyovicheka vinatokana na kupindua utaratibu huo.

Kinywa cha jiko ni nozeli, kijipande cha shaba chenye tundu dogo linalopitisha gesi kuelekea kwenye moto. Majiko mengi ya kale ya Kiingereza yalizaliwa kunyonya gesi iliyotolewa kwenye makaa ya mawe, na gesi hiyo ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa: mita moja ya ujazo ilibeba nishati ya megajuli 18 hivi, ilhali propani, mojawapo ya gesi zilizomo katika mitungi yetu, hubeba zaidi ya 90. Kwa hiyo matundu yalitobolewa mapana. Waingereza wenyewe walipohamia gesi asilia, kati ya 1967 na 1977, iliwabidi wapite nyumba kwa nyumba kurekebisha vifaa vipatavyo milioni 40. Taifa zima lilitembelewa na fundi. Halafu mtu wetu anataka kuliunganisha jiko la ukoo huo na mtungi wa kilo 13 kwa kipande cha mpira na maombi. Moto unaotoka ni wa manjano, mrefu, wenye tabia ya kutafuta uso wa mpishi. Sufuria inakuwa nyeusi kabla maji hayajapata uvuguvugu, na nyusi zinaondoka zingali changa.

Hivyo kabla ya bei kutajwa, tafuta kibati cha kiwandani, mara nyingi nyuma ya jiko au ndani ya mlango wa tanuri, usome lilikusudiwa gesi gani na kwa mgandamizo gani. Ya mtungi huwa karibu milibari 30. Kama kibati kimeng'oka, ng'oa nozeli moja usome namba iliyogongwa ubavuni. Si majiko yote ya zamani ni wageni wa makaa ya mawe. Mengine yalitengenezwa kwa ajili ya mitungi tangu mwanzo, na hayo ndiyo ya kugombania. Gesi hiyo si ngeni kwetu: kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi 1963, na gesi ya mitungi ilikuwa miongoni mwa mazao yake hadi kiliposimamisha usafishaji mwaka 2013. Hata hivyo, aliyelirithi jiko pamoja na regulata yake asiharakishe kushangilia. Zamani kila kampuni ilikuwa na vali yake. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 ndizo zilizodai vali ya aina moja. Regulata ya babu huenda haikubaliani na mtungi wowote ulio hai, na mpira wake umekauka kama dagaa.

Dhambi kubwa zaidi hutendwa kwa sindano ya cherehani. Tulizoeshwa vibaya na stovu ya pampu, kizazi cha ile Primus ya Uswidi ya 1892, ambayo ilikuwa na kijisindano chake cha kuzibulia. Tabia hiyo imehamishiwa kwenye gesi bila kuomba kibali. Chuma ni kigumu kuliko shaba. Kila unapochokoa unapanua tundu, na baada ya Krismasi tatu jiko la mtungi limejigeuza lenyewe kuwa la makaa ya mawe. Loweka nozeli, isugue kwa mswaki, ipulize. Na vali inayokwama haipakwi mafuta ya kukaangia mandazi. Yanayeyuka, yanatiririka, gesi inapata njia, na wewe unabaki unajiuliza kwa nini jiko lisilowashwa lina harufu ya chai ya saa nne. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni. Anayepima kwa kiberiti hupata jibu haraka, lakini hukosa pa kuliandika.

Sasa ngozi. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi, ndugu wa kile kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu. Ikwaruze kwa msumari mahali pa siri: rangi ya kupuliza itachubuka, enameli itakucheka. Ilipobanduka utaona tabaka jeusi au la buluu iliyoiva, kisha chuma. Ndiyo sababu ahadi ya fundi wa magari kwamba atalirudishia ujana kwa rangi ya matatu ni uongo wa nia njema. Kulivika enameli upya kwahitaji tanuru, na rangi ya gari ikikaribiana na moto huchangia ladha kwenye mboga. Safisha kwa magadi na maji ya uvuguvugu. Ndimu, ambayo kila jirani ataipendekeza, ni tindikali, na enameli nyingi za kale hupoteza mng'ao zikilazwa nayo usiku kucha. Kovu lililobaki lipake mafuta kidogo lisishike kutu, uliheshimu kama kovu la mzee.

Mtu ataniuliza: ya nini taabu hii, na meko ya kilo 6 ipo, kichwa juu ya mtungi, mambo yamekwisha? Au jiko la kisasa la kioo? Jibu langu ni ugali. Kuon, kama Wajaluo wanavyouita, haikorogwi, hupiganwa nayo. Weka sufuria ya watu kumi juu ya meko, uingize mwiko kwa nguvu zinazostahili, na mtungi unaanza kucheza ohangla. Juu ya kioo, kila msukumo ni kamari. Vyuma vya jiko la zamani vilimiminwa vizito, na jiko lenyewe halisogei hata ukilisukuma kwa hasira ya ndoa. Pingamizi lenye uzito ni jingine, na hapa utani ukae kando: kamba na mbao laini za kijivu zilizozuia joto kwenye tanuri nyingi za kale zilikuwa za asbesto. Ukiziona zinapukutika, usizikwangue wala kuzifagia. Funga mlango, acha biashara.

Kuhusu tanuri iliyo salama, kiswichi chenye namba, kile kiitwacho Regulo kilichotoka Uingereza 1923, huwachanganya wengi: namba 4 si dakika nne, ni nyuzi 180 hivi. Sidai kwamba jambo hilo litabadilisha sana maisha ya Ogwedhi. Tanuri nitakazozitetea hapa zitaendelea kutunza sufuria za wageni, vyeti vya kuzaliwa na nusu ya mkate iliyofichwa watoto.