Sifa za Mdudu Mstaarabu

Wapo wadudu wa programu wasio na adabu. Huzima kompyuta katikati ya kazi, hujaza kioo maandishi, humwaibisha fundi mbele ya bosi. Yule aliyeishi ndani ya keneli, kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwenye sehemu inayotoa data katika kumbukumbu na kuiandika diskini, hakuwa wa ukoo huo. Huyu aliuma huku akipuliza, na aliyeumwa aliendelea kulala.

Programu ikiandika faili, Linux haikimbilii diski. Huiweka data kwenye kurasa za kumbukumbu, huziita kurasa chafu, na kwa kawaida ukurasa unaweza kukaa hivyo sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa umechelewa. Asiyetaka kungoja huita fsync: andika sasa, kisha niambie imefika au haikufika.

Hapo ndipo ustaarabu ulipoonekana. Diski ikikataa, keneli iliweka alama moja ya kosa kwenye faili, na ukurasa ambao haukuandikwa ukatangazwa kuwa safi. Wa kwanza kuita fsync aliambiwa kuna kosa, na alama ikafutwa papo hapo. Aliyeita tena alijibiwa kuwa mambo ni shwari. Data haikuwapo diskini, lakini muungwana gani hurudiarudia habari za msiba? (Wenye keneli nao walikuwa na hoja: mtu akichomoa flashi ghafla, kurasa zake zingebaki chafu na kula kumbukumbu bila mwisho.)

Uvumilivu wake ulipita kiasi. PostgreSQL, hifadhidata inayobeba hata DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania na Kenya, iliamini kwamba fsync ikishindwa inajaribiwa tena, na ikifaulu yameisha. Mdudu aliiacha na imani hiyo kwa takriban miaka 20, hadi ukweli ulipogunduliwa 2018.

Kumfukuza hakukuwa rahisi. Tayari katika Linux 4.13 ya mwaka 2017, Jeff Layton, mmoja wa watengenezaji wa keneli, aliing'oa alama ile, akaweka namba inayobadilika kosa jipya likitokea, ili kila aliyelifungua faili apate taarifa yake. Mdudu akaacha mtoto: aliyelifungua faili baada ya kosa hakusikia kitu. Tundu hilo lilizibwa katika toleo la 4.17.

Kurasa, hata hivyo, ziliendelea kuitwa safi. Ndiyo maana tangu Februari 2019 PostgreSQL, fsync ikishindwa, haijaribu tena. Hujiangusha yenyewe makusudi, kisha huinuka na kusoma upya rekodi zake za miamala.