Siku Tatu za Baba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na akijifungua pacha anapata 100. Baba anapata siku 3, naye sharti azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Pacha hawamwongezei hata saa moja. Sheria imetamka bayana kwamba siku ni hizo hizo tatu, hata wazaliwe watoto wangapi. Kenya baba hupewa wiki mbili, na huko nako watoto wanalia usiku.

Siku tatu hizo zina ratiba inayojulikana. Ya kwanza huishia njiani kati ya hospitali na duka, kwani nepi alizonunua baba zinamtosha mtoto anayetambaa. Ya pili ni ya kupokea pongezi na cheo: kuanzia hapo ataitwa Baba Asha mpaka uzeeni, cheo kisicho na mafunzo wala kipindi cha majaribio. Ya tatu anawasili bibi mzaa mama na mabegi yake, na baba anahamishwa chumbani kwa heshima zote. Katika familia nyingi za pwani si bibi anayekuja, ni mama anayekwenda kwao mpaka arobaini, na baba humtembelea mwanawe kama mgeni, akikaribishwa chai ukweni. Siku ya nne yuko kazini, anawasimulia wenzake ugumu wa kulea.

Kwa hiyo baba wengi huisoma kazi hii kwa simu. Mama akitoka, hata kama ni saa tatu tu za msibani, malezi hayabaki nyumbani; humfuata alipo. Unga wa lishe uko kopo lipi? Unakorogwa mpaka lini? Mbona umeshika mabonge? Wako akina mama waliowahi kuonekana wamejitenga nyuma ya turubai, kanga imewafunika uso, wakidhaniwa wanalia kumbe wananong'ona kwamba moto upunguzwe.

Kubeba mgongoni hakufundishiki kwa simu. Mama huinama, mtoto akatua mgongoni, kanga ikazungushwa na pindo likafungwa kifuani, yote kabla sufuria haijafurika. Baba huanza na fundo, tena fundo la kufungia gunia nyuma ya baiskeli. Mtoto hateremki kwa ghafla. Huteleza polepole mpaka kiunoni, na baba hushinda ameinama kama anayetafuta shilingi iliyomponyoka.

Kliniki ina mikasa yake, na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Vituo vingi vya afya nchini humhudumia kwanza mjamzito aliyefuatana na mwenzi wake, ili wapime Virusi vya Ukimwi pamoja, na baba naye asikie maelezo. Nia ni njema. Lakini mama ambaye mumewe hana nafasi naye anataka kuwahi, hivyo wapo wanaoazima shemeji, jirani, hata dereva wa bodaboda kwa malipo ya nusu siku. Nesi akiuliza jina la mkewe, mume huyo wa kukodi humtazama mhusika amtajie.

Baba halisi huonekana baadaye, kwenye chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, au ile ya surua ya miezi 9. Akiingia na mtoto mkononi, benchi zima hunyamaza, kisha mmoja huuliza mama yake yuko wapi, kwa sauti ya kutoa pole. Hajajibu, tayari wanawake watatu wamempokea mtoto, wamemvua, wamempima na kumvisha. Kazi iliyosalia kwa baba ni kushika kadi. Akitoka getini husifiwa kwamba anajua kulea, na anayemsifu amempita mama mwenye mmoja mgongoni na mwingine mkononi bila hata kumsalimu. Huyo hasifiwi kwa sababu hamsaidii mtu. Kiswahili cha mtaani kina baba anayemsaidia mama kulea. Mama anayemsaidia baba bado hajasikika.

Mtihani halisi uko kwenye meza ya nesi. Je, mtoto amewahi kupata homa baada ya chanjo? Alizaliwa na kilo ngapi? Baba huomba radhi, husogea pembeni na kupiga simu nyumbani. Mama, anayechambua maharage, hutaja uzito huo bila kufikiri, kisha humkumbusha mwenzake kwamba umeandikwa kwenye kadi aliyoishika.

Jioni mtoto hurudi salama, sweta kinyumenyume. Mama akiuliza tarehe ya kurudi kliniki, jibu liko tayari: ameandikiwa kwenye kadi. Nayo kadi imesahaulika kwenye meza ya nesi.