Naombeni Cheti cha Kifo cha Kongosho Langu

Waheshimiwa wa idara ya idhini za dawa, kampuni yangu ya bima, Marekani.

YAH: KIFO CHA KONGOSHO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu nihamie huku, kila Januari mnamtaka daktari wangu aape upya kwamba bado nina kisukari cha aina ya kwanza, ndipo mniruhusu kununua insulini. Nawashukuru kwa imani yenu. Hata shangazi yangu wa Tanga, bingwa wa kuchemsha mlonge, alishakata tamaa.

Basi naomba kongosho langu litambuliwe rasmi kuwa marehemu. Mnipe cheti chenye muhuri, tarehe na sababu ya kifo. Mkiwa na shaka, leteni mjumbe msibani. Tutamkalisha mkekani, tumpe kahawa na tende, alale na wafiwa mpaka arobaini, kila asubuhi akikagua kama marehemu ameamka. Rambirambi tunapokea kwa chupa za insulini. Siku ya hitma ale ubwabwa ashibe, atie sahihi, na Januari ijayo msinisumbue, someni faili.

Mengine ni madogo. Dawa mkiitoa kwenye orodha yenu, niambieni kabla sijafika dirishani famasi. Nikiomba ya kutosha safari ya nyumbani, msinijibu kwamba ni mapema mno. Ndege haisubiri tarehe yenu. Ule ukomo wa dola 35 kwa mwezi za insulini waliowekewa wazee wa Medicare, bima ya serikali, kuanzia 2023 nitausubiri hadi nitimize miaka 65, Mungu akipenda na ninyi mkiidhinisha.

Mwaka 1923 Banting na wenzake, wagunduzi wa insulini, walikiachia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yake kwa dola moja kila mmoja. Leo mtu mwenye kazi na bima anabana dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya insulini mwaka 2020 baada ya kijana kufa akibana hivyo hivyo. Mnayajua yote haya, na bado mnatuwekea muziki kwenye simu. Muziki! Mtu anakufa, ninyi mnampigia kinanda.

Samahani, nimepandisha sauti. Nasubiri cheti.

Wenu katika ujenzi wa faida,
Mteja

Nakala: Shangazi, Tanga, anayeamini kwamba Marekani dawa ni bure.