Sheria 17 na Boriti Moja

Katika shule zetu za kata kocha wa mpira hatafutwi kwa kujua mpira. Hutazamwa alichovaa siku ya kuripoti. Mimi niliripoti shule moja wilayani Muheza masika yakiwa yamekolea, viatu vya heshima nimevifungia mkobani visiharibike kwa tope, miguuni nina raba. Mkuu wa shule alinitazama kuanzia chini, akaridhika kabla hajafika magotini.

"Madamu, wewe ni mwanamichezo."

Nilikuwa nimekuja kufundisha Jiografia. Nilitoka ofisini mle na Jiografia yangu, zamu ya wiki inayofuata, na timu ya mpira wa miguu ya wavulana.

Makabidhiano yalifanyika stoo, kwa maandishi na sahihi. Mpira mmoja. Pampu moja, haina sindano. Jezi za bluu seti moja, pungufu namba 9, ambayo kwa maelezo ya mtunza stoo ilihitimu kidato cha nne mwaka uliopita pamoja na aliyekuwa anaivaa. Na kitabu cha sheria za soka, ambacho kabla yangu kilikuwa kimesomwa na mende tu.

Walimu wenzangu walinipa pole, isipokuwa mmoja anayekaribia kustaafu, ambaye alinipa mfumo. Muheza nzima sijakutana bado na mwanamume wa umri wake ambaye hakuitwa kujiunga na Coastal Union mwaka 1988, mwaka ule Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa wa ligi. Wote waliitwa. Wote waliumia goti wiki hiyohiyo.

Nilikisoma kile kitabu hadi mwisho. Sheria za soka ni 17, na waliozitunga ni watu makini sana, ila kila ukurasa unaanzia mahali ambapo sisi hatujafika. Sheria ya 2, kwa mfano, inataka mpira uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Uzito wa wetu ulitegemea mvua ya jana. Ulikuwa umeshonwa na fundi baiskeli wa sokoni, mtu hodari wa viraka, lakini aliacha kinundu upande mmoja, na kwa kinundu hicho mpira ukipigwa juu ulifika mahali ukakata kona wenyewe. Golikipa wetu alishaizoea tabia hiyo, magolikipa wa wageni hawakuijua. Ndiyo mbinu pekee tuliyokuwa nayo, na haikutoka kwangu.

Kuujaza upepo ilikuwa shughuli ya jioni nzima. Sindano tuliazima shule ya msingi ya jirani, nao walitaka irudi kabla ya magharibi. Nahodha alikaa chini, mpira mapajani, akailowesha sindano kwa mate, akaizungusha taratibu kwenye tundu huku wenzake wamemzunguka wamebana pumzi, kwa sababu ikikatikia ndani hakuna mpira mpaka siku ya gulio. Mmoja akishika pampu, mwingine akibonyeza ngozi kwa kidole gumba kama mama anayepima embe. "Bado... bado... basi! Basi, utaupasua!" Kisha sindano huchomolewa, upepo unatoka fyuu, na nusu ya kazi inakuwa imepotea.

Sheria ya 4 inataka viatu na vikinga ugoko. Vikinga ugoko tulikata maboksi ya sabuni tukayatia ndani ya soksi. Kwa mvua yanalainika, kwa jua yanakwaruza, lakini refa akigonga kwa kidole yanalia vizuri. Viatu ndivyo vilivyokuwa na hesabu ngumu. Njumu hazikutosha, kwa hiyo zilitembea moja moja: beki wa kulia kiatu cha kulia, winga wa kushoto kiatu cha kushoto, mguu wa pili raba au chochote. Ubaya wake unajitokeza wakati wa kubadilisha mchezaji. Anayetoka hukaa chini pembeni ya mstari akifungua kamba zilizoingiwa na tope, anayeingia amesimama juu yake na mguu mtupu, na kuna mechi tulifungwa goli huku mimi nimepiga magoti nang'ata fundo kwa meno.

Msimu wa machungwa ulipoanza, straika alitoweka. Muheza ni nchi ya machungwa, na chungwa likiiva halisubiri mashindano ya shule, UMISSETA. Nikaenda kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kama umemjia huyo, yuko juu ya mti."

Kweli, miguu niliiona. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza maneno yangu. Nikamweleza kwamba mashindano yanaanzia kata, yanapanda wilaya na mkoa mpaka taifa, na kwamba vijana wenzake wamewahi kufika fainali Mtwara mwaka 2019. Nikamtaja Mbwana Samatta, aliyepita TP Mazembe, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akasajiliwa Aston Villa ya Uingereza. Mama alinisikiliza kwa adabu zote, mikono ikiendelea kupanga machungwa kwenye tenga, makubwa chini, madogo juu, kisha akabadilisha, madogo chini.

"Huyo Samatta," akauliza, "kwao wana michungwa?"

Nikasema sidhani.

"Ehe."

Tukafikia mapatano. Timu nzima ingekuja Jumamosi, shamba likiisha kuchumwa straika ni wangu mpaka mashindano yamalizike. Siku ile ndiyo mazoezi bora tuliyowahi kufanya. Walipanda, walishuka, walibeba matenga mpaka barabarani linakosubiri lori. Golikipa nilimweka chini ya miti adake, na mama akatangaza kwamba chungwa litakaloanguka na kupasuka litahesabiwa kwangu mimi mwalimu. Kijana alidaka ya juu, ya chini, ya kulia, mawili kwa mpigo, mikono imechanwa na miiba. Baadaye kocha wa shule jirani aliniuliza kwa wivu kipa wetu amesomea wapi. Habari zikaenea vijijini, na wiki iliyofuata nikaanza kupokea wazazi wenye mashamba wanaotaka timu ije kufanya mazoezi kwao, wengine wala hawakuwa na mtoto shuleni.

Fedha za nauli ni hadithi nyingine. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 shule haziwachangishi wazazi hovyo, jambo jema kabisa, na kocha akabaki anatazamana na pochi yake. Kwa mechi moja ya kirafiki nilikodi Noah. Njiani trafiki akatusimamisha, akachungulia dirishani, akaanza kuhesabu, akaacha.

"Hawa ni wangapi?"

"Kikosi cha kwanza tu, afande."

"Kocha yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Dada, nimeuliza kocha."

Kutoka nyuma kabisa, penye mizigo, sauti ya golikipa ikasema, "Ni yeye, afande. Tunaomba ufungue mlango kidogo, huku hewa imekwisha."

Nusu ya timu ilishushwa pale pale, ikaja kwa miguu. Ilifika imeshapasha misuli, na ndiyo iliyocheza vizuri.

Mamluki nitawagusia kidogo, maana kila shule inao na kila shule inasema ni wa jirani. Kwenye ukaguzi wa wachezaji siku moja alisimama mbele yetu mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye ndevu zilizochongwa kinyozi, ametulia, mkono mmoja kiunoni. Nikamuuliza yuko mkondo gani. "Wa kushoto, madamu," akajibu, "lakini hata kulia nacheza."

Simba na Yanga nao wana mahali pao. Tarehe 5 Novemba 2023, Jumapili, Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Jumatatu jioni mazoezini mabeki wangu wote, ambao kwa bahati mbaya ni Simba, waligoma kumpasia kiungo ambaye ni Yanga, kwa kuwa alikuja ameinua vidole vitano na hakuvishusha hata alipokuwa anakimbia. Nilipuliza filimbi nikawaambia shuleni hakuna Simba wala Yanga. Mkuu wa shule alikuwa anapita, akasema, "Madamu, usiseme hivyo." Naye ni Simba. Alikuwa hajala tangu jana.

Uwanja wetu umekatwa katikati na njia mbili, moja ya kisimani na nyingine ya makaburini. Ya kisimani haisumbui sana. Kina mama hupita na ndoo zao kichwani kwa mwendo uleule, na aliye na busara hupiga chenga kuwazunguka. Mbuzi wa mwenyekiti wa kitongoji pia wana haki zao. Lakini siku moja tunaongoza mashambulizi, straika wetu amebaki na golikipa wa wapinzani peke yake kabisa, msiba ukatokea barabarani. Refa akapuliza. Wachezaji wote wakasimama, waliovaa kofia wakavua, straika naye akasimama na mguu juu ya mpira, mita chache kutoka golini, kichwa amekiinamisha. Jeneza likapita, watu wakapita, tukasubiri hata waliochelewa wakapita.

Sasa refa wa siku hiyo alikuwa kijana aliyetoka kozi, na kozi ilikuwa bado inamwasha. Akasema Sheria ya 8, kama ilivyobadilishwa mwaka 2019, inataka mchezo ukisimama wakati mpira uko ndani ya eneo la penalti, mpira udondoshwe kwa golikipa wa timu inayolinda. Akamdondoshea golikipa wao. Straika alitazama makaburini, akanitazama mimi. Nilikuwa na kitabu. Refa alikuwa amesema kweli.

Refa huyohuyo ndiye tuliyeletewa kwenye mechi ya mashindano ya kata. Magoli yetu ni ya mikaratusi, na mwamba wa goli la upande wa barabarani mchwa walikuwa wameumaliza kwa ndani kimyakimya, ukabaki ganda. Kipindi cha pili beki wao alipiga shuti la mbali, kinundu kikafanya kazi yake, mpira ukaenda juu ukagusa mwamba, na mwamba ukashuka wote, mavumbi na mchwa, juu ya golikipa wangu. Yeye hakuumia. Aliudaka.

Vijana wakakimbilia kamba ya katani, maana Tanga katani haikosekani, wafunge kutoka nguzo hii hadi ile tuendelee. Refa akainua mkono. Sheria ya 1: mwamba ukivunjika mchezo unasimama mpaka utengenezwe au uwekwe mwingine, na kamba hairuhusiwi kuwa mwamba. Ikishindikana, mechi imevunjika. Akatazama saa.

Nyuma ya goli lile kuna mzee alikuwa anajenga. Nyumba imefika kwenye lenta, na boriti za kuezekea zimelala uani, zimenyooka, zimepakwa oili chafu hata mchwa hawazisogelei. Nikamkimbilia.

"Shikamoo mzee. Tunaomba boriti moja, ya dakika thelathini tu."

"Marahaba. Boriti zipo, mwalimu." Akakohoa. "Na mwanangu yupo."

Mwanawe alikuwa kidato cha pili kwetu, jina lake lilikuwamo kwenye orodha kwa sababu orodha ilitaka kujaa. Mazoezini sikuwahi kumwona. Nikatazama goli, nikamtazama refa anayetazama saa, nikasema mtoto avae jezi. Boriti ikabebwa na watu wanne ikapandishwa, fundi wa mzee akaigongomea kwa misumari ya nchi sita, na beki wangu wa kulia akatoka akivua kiatu.

Kijana aliingia kwa madaha yote, akapungia watu. Dakika chache baadaye ilipigwa kona, akaruka, na akaugusa mpira mara moja tu siku ile, kwa mkono, ndani ya eneo la hatari. Penalti. Mpigaji wao alirudi nyuma sana, akaja, akapiga kombora, likagonga katikati ya boriti ya mzee likarudi mpaka nusu ya uwanja. Boriti haikutikisika. Mzee aliingia uwanjani na bakora yake, akamwendea refa.

"Umeona, mgosi? Andika hiyo. Boriti yangu imeokoa."

Mechi iliisha bila kufungana, tukapigiana penalti kwenye goli hilohilo kwa sababu la pili refa hakuliamini. Tulitolewa. Penalti yetu ya mwisho iligonga boriti.

Asubuhi yake mzee alikuja kuing'oa, fundi anangoja kuezeka. Hivyo ndivyo mambo yalivyo mpaka ninapoandika haya: goli la upande wa barabarani lina nguzo mbili na hewa. Linahitaji boriti ya mita 7 na sentimita 32, nyoofu, iliyopakwa oili. Mwenye nayo, popote alipo wilayani, namwomba ailete. Mwanawe atapokelewa vizuri, ila aanze na mazoezi.