Taja Domino Tatu

Jana asubuhi, nilipokuwa nikipita stendi ya bodaboda iliyo karibu na shule, kijana mmoja alipiga honi mara mbili akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, bikini imeamkaje?" Wenzake wakainama wote kwa pamoja, kila mmoja akikagua tairi ambayo haikuwa na shida yoyote. Nikawajibu, "Njema, vijana," kana kwamba nimesalimiwa, nikaendelea kutembea mgongo wima kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Kisa chenyewe kilikuwa na umri wa siku nne. Kilikuwa kimeshatoka darasani, kikavuka ua wa shule, kikapanda pikipiki.

Ulikuwa mtihani wa Kiswahili wa Gredi ya Nane, wa kufunga muhula. Wenzangu wa majilisi huandika mitihani yao kwa mkono na kumpelekea binti wa saiba mjini aichape. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu ya vifaa vya kidijitali, nina cheti chenye mhuri, na wakati wa chai nilikuwa nimesimama nikatangaza kwamba mambo ya kuchapiwa yamepitwa. Niliwakumbusha kwamba umilisi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi saba wa mtaala wa CBC, na kwamba mwalimu hawezi kumdai mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe hana. Niliyasema hayo nikiwa na andazi mkononi. Mashahidi wapo.

Nikauchapa mwenyewe, nyumbani, usiku. Alasiri yake mvua ilikuwa imefanya desturi yake ya Kakamega: mawingu kutoka upande wa msitu, radi, mvua ya mawe juu ya mabati kama ngoma za isukuti za harusi, kisha stima ikapotea. Kipakatalishi kilikuwa na chaji asilimia 23. Nikamaliza ufahamu, nikamaliza sarufi, nikaweka swali la insha, nikajiegemeza kitini nipendezwe na kazi yangu.

Ukurasa mzima ulikuwa mwekundu. Karibu kila neno lilikuwa na kimstari cha mawimbi chini yake.

Naomba mnielewe. Mimi ndiye huwa na kalamu nyekundu. Katika kazi yangu rangi hiyo ina maana moja tu: umekosea, rekebisha. Na kule kwenye semina mkufunzi, kijana mwenye viatu visivyojua matope, alikuwa ametuambia waziwazi: ukiona nyekundu, chagua neno la kwanza unalopendekezewa, bonyeza Badilisha Zote, usitume kazi yenye nyekundu. Yeye alikuwa akichapa Kiingereza. Jambo hilo nililikumbuka baadaye.

Basi nikabonyeza. Badilisha Zote. Badilisha Zote. Chaji asilimia 15. Nilikuwa kama mtu anayepalilia gizani: nikihesabu magugu yanayong'oka, bila kutazama kama mahindi yamesimama. Kila mstari mwekundu ulipofutika nilisikia raha ile anayoisikia mwalimu akikuta daftari lisilo na kosa. Pale mashine ilipokosa pendekezo, nililiruka neno na kuendelea. Ilipofika asilimia 6 hakukuwa tena na nyekundu yenye pendekezo. Nikahifadhi, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Kesho yake binti wa saiba, ambaye niliwahi kumfundisha, alilifungua faili, akalisoma kidogo, akanitazama, akalisoma tena.

"Mwalimu, niprinti hivi tu?"

"Hivyo hivyo," nikamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye cheti.

Nakala 140, kurasa nne kila nakala, shilingi tano kila ukurasa. Shilingi 2,800. Nililipa mwenyewe nikiahidiwa kurudishiwa.

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mama wa kanisa, kiongozi wa akina mama. Kwa dakika ishirini, alivyoniambia baadaye, darasa lilikuwa kimya kabisa. Kisha msichana mmoja akainua mkono. "Madam, naomba kuuliza. Bikini hii ni ya nani?" Madam, kwa wema wake, akaichukua karatasi na kulisomea darasa zima sentensi yote ili kila mtu asaidike. Mimi nilikuwa nimeandika: "Kila mtoto alipenda wali sana, lakini watu walikuwa maskini." Madam alisoma: "Kilo motto alipenda wall sauna, bikini watt walikuwa masking."

Nilikuwa majilisini, ng'ambo ya ua. Nilichosikia kilifanana na paa kung'oka.

Waliponiletea karatasi nisahihishe, nilizisoma mlango ukiwa umefungwa. Swali la kwanza la sarufi, lililopaswa kuomba nomino tatu, lilisema: "Taja domino tatu." Mvulana mmoja alijibu: "Sita-sita, tano-tano, na ile iliyopotea." Palipotakiwa sentensi ziandikwe katika wingi, karatasi ilisema ziandikwe katika "wings", na msichana wa dawati la mbele, ambaye huwa hakosi neno, alichora mabawa mawili kwa kila sentensi na kuyatia manyoya kwa uangalifu. Nilipouliza maana ya methali fulani, karatasi iliuliza "manna" yake; watoto kumi na wawili walinieleza kwamba ni chakula kilichoshuka kutoka mbinguni, mmoja akataja Kutoka sura ya 16. Na mhusika wangu wa ufahamu, mtoto wa Shinyalu ambaye shule yake ilikuwa mbali, sasa alikuwa akitembea kwa miguu kila alfajiri kwenda shule iliyokuwa "Bali". Hicho ni kisiwa cha Indonesia. Swali la tano liliuliza ni kwa nini huchelewa.

Mtu aliyegongwa na gari ana haki ya kujua namba ya gari lenyewe, kwa hiyo siku nne hizi nimekuwa nikichunguza ni nini hasa kilichonigonga. Nasikitika kusema kwamba kinapendeza mno.

Mashine ile haikujua lugha yoyote. Ilikuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza. Ukiandika neno lisilokuwemo, inapiga mstari, kisha inatafuta neno la orodhani lililo karibu nalo zaidi. Ukaribu huo haupimwi kwa maana. Hupimwa kwa hatua. Mwaka 1964, Frederick Damerau wa kampuni ya IBM alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne tu: herufi imezidi, herufi imepungua, herufi moja imekalia kiti cha nyingine, au herufi mbili jirani zimepishana. Mwaka uliofuata, Mrusi Vladimir Levenshtein akachapisha namna ya kuhesabu umbali kati ya mfuatano mmoja wa alama na mwingine kwa kuhesabu mageuzi ya aina tatu za kwanza kati ya hizo, na hadi leo umbali huo unaitwa kwa jina lake.

Sasa chukueni mtihani wangu muupitishe hapo. Ongeza r moja katika "kama", inakuwa karma. Ondoa m katika "mbali", umeshafika Bali. Badilisha n ya kwanza ya "nomino" iwe d, walinzi wa usiku wanaketi kucheza. "Watu" wanageuka umeme kwa herufi moja. Na "mtoto", huyu ndiye aliyenifanya nisimame kitini: pishanisha t na o zinazofuata m, na unapata "motto" bila kuongeza wala kupunguza kitu. Hatua moja tu, safi, ya aina ile ya nne ya Damerau. Nusura nipige makofi. "Lakini" ilihitaji hatua mbili kuwa bikini. Mashine ilizitembea zote mbili bila kuchoka.

Kisha nikagundua kitu kingine. Maneno mafupi yaliangamia, ila vitenzi virefu vilibaki vizima. "Hawakumwandikia" lilisimama pale pale nilipolipanda. Ndiyo yale niliyokuwa nikiyaruka kwa kukosa pendekezo: katika Kiingereza chote hakuna jirani wa neno lile. Nikachukua chaki. Kitenzi "andika": nafsi sita, nyakati nne za kawaida, watendwa sita, kauli tano, tuseme. Sita mara nne mara sita mara tano ni 720, ukiondoa chache zisizotamkika na binadamu, na bado hujagusa ukanushi, wala ngeli za vitu, wala virejeshi. Hicho ni kitenzi kimoja. Anayetaka kukiandikia Kiswahili orodha ya maneno yote na aanze kwanza na matone ya mvua ya Kakamega, apate mazoezi.

Waliolifahamu hili mapema ni Wafini, ambao lugha yao nayo hubandika viambishi mpaka neno lipate urefu wa reli. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alibuni njia ya kuifundisha kompyuta kulichambua neno vipande vipande, badala ya kulitafuta zima-zima katika orodha. Arvi Hurskainen, profesa wa lugha za Kiafrika huko huko Helsinki, akaichukua njia hiyo akaitumia kwa Kiswahili. Yaani, katika nchi ya theluji, mashine ilifundishwa kwamba hawakumwandikia ni ha-wa-ku-mw-andik-i-a, uchambuzi ninaowafundisha watoto wangu kwa chaki. Na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Hapo ndipo kicheko kiliponikaukia. Kumbe jambo linawezekana, na limewezekana muda mrefu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Semina yangu ilikuwa ya walimu wa Kiswahili. Ilifundishwa kwa Kiingereza, juu ya mashine zilizowekwa Kiingereza, na kwa siku tatu hakuna aliyetuambia kwamba kuna mahali pa kubadili lugha. Tulifundishwa kupamba slaidi. Slaidi yangu moja inazunguka kama pia. Sina projekta.

Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Mwaka 2016 ahadi ilianza kufika ikiwa vishikwambi, na hatimaye zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka huo wa 2016 ndio walioufanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Vishikwambi vya shule yetu viko stoo, nyuma ya mlango wa chuma wenye makufuli mawili, funguo ziko kwa watu wawili ambao hawajawahi kuja shuleni siku moja pamoja. Bando ninalotumia kupakia alama ni langu. Simu ni yangu. Usiku ni wangu. Kule Khayega, kwenye mapigano ya mafahali, fahali akishindwa huruhusiwa kugeuka akimbie. Mwalimu akishindwa huandika barua ya kujieleza, nakala mbili, na kuiskani.

Mikasa mingine haifai hata aya. Kwenye mkutano wa mtandaoni niliomba radhi kwa dakika nne nikiwa nimezimwa sauti, kisha nikawashwa jogoo alipowika. Tovuti moja hunitumia namba ya siri inayokufa baada ya dakika tano, na mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya vyoo, mwendo wa dakika sita.

Ila linaloniuma zaidi halina nyaya. Watoto 140 walipewa karatasi iliyosema wataje domino, wakataja. Waliambiwa waandike katika mabawa, mmoja akayachora. Aliyeuliza swali alikuwa mmoja, naye aliuliza bikini ni ya nani. Hakuuliza kwa nini iko hapo. Karatasi ikiwa imechapwa, na imetoka kwa mwalimu, basi ni wao wasioelewa. Ndivyo nilivyowazoesha, kwa kalamu ile ile nyekundu. Na ndivyo mimi mwenyewe nilivyofanya usiku ule, nikiwa na chaji asilimia 23 na lugha nzima niliyozaliwa nayo: kimstari kiliniambia "mtoto" ni kosa, nikasema samahani, nikabonyeza.

Mtihani utarudiwa Jumatano. Nimeuandika kwa mkono. Aliyetaja sita-sita, tano-tano na ile iliyopotea nimempa alama zake zote tatu, kwa maana hizo ni nomino halali, na katika chumba kile ndiye pekee aliyelijibu swali langu la awali.