Picha Nzuri, Ghala Tupu

Kiangazi kikiingia hapa Ziba, wilayani Igunga, mpunga unakomaa na wapenzi wa ndege wanatokeza na lenzi ndefu kama mchi wa kinu. Wanawasihi watoto walioketi dunguni wanyamaze, wasivurumishe makombeo, ili kwelea kwelea watue vizuri wapigwe picha. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, tani 10. Mwenye shamba anaambiwa asijali, atatumiwa picha kwenye simu.

Wakati huohuo, kasuku mdogo mwenye uso wa rangi ya chungwa anapiga kelele kwenye mti wa jirani, hana wa kumtazama. Huyu asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, hadi huku Igunga na Nzega. Mwaka 1887 wataalamu wa Ulaya walimpa jina la Mjerumani Gustav Fischer. Miaka ya 1980 alinaswa kwa wingi akauzwa ng'ambo. Sisi tunamrushia manati.

Ndugu mpiga picha, ukiwataka ndege wa Ziba, panda dunguni, amia wewe tangu alfajiri. Mtoto aende shule.